Lori la Shemeji na Mbuzi Wangu

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Muulize mtu yeyote wa rika langu, kuanzia Magwagwa mpaka Kisii mjini, atakunja uso kwanza ndipo akujibu. Bendera ya uhuru ilikuwa imepandishwa juzi tu, watu bado wana nyimbo mdomoni, kisha mvua ikatupa kisogo na serikali ikatuletea mahindi ya ng'ambo yenye rangi ya kiini cha yai. Yalinuka gunia. Ugali wake ulikaa kwenye sahani kama kipande cha sabuni, na watoto wangu wakiuona walianza kulia kabla hawajauonja. Tuliula kwa chinsaga, mboga yetu ile chungu, ili ulimi ushughulike na uchungu usahau mengine. Wimbi lilikuwa limekwisha ghalani. Kitu pekee kilichobaki kimesimama shambani kilikuwa mgomba.

Kwa hiyo ndizi ndizo zilizotulisha. Tulizipika mbichi asubuhi, tukazipika tena jioni, na zilizozidi tulizipeleka sokoni Kisumu tukarudi na chumvi, mafuta ya taa na samaki mkavu. Lakini ndizi hazina miguu. Za kwenda Kisumu zilihitaji lori, na lori lilikuwa la shemeji yangu.

Shemeji huyu alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu alikuwa Kericho akichuma chai ya watu, anakuja mwisho wa mwezi na kuondoka, kwa hiyo boma lote lilikuwa mkononi mwa huyu mkubwa pamoja na mama yao. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Alivaa tai hata siku ya kupalilia, ingawa kupalilia kwenyewe sikumwona akipalilia. Lori alilinunua kwa Mzungu mmoja wa upande wa Sotik aliyekuwa akifunga virago, na mimi nilisema tangu siku ya kwanza: mtu anayekimbia haachi nyuma kitu kizuri. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Kiti kilikuwa kimetoa utumbo. Likipanda kilima, wagonjwa wa ng'ambo ya mto waliamka. Lakini shemeji alilipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote aliye hai. Kila Ijumaa aliliosha kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mke wake, maskini, sikuwahi kuona akitekewa hata ndoo moja.

"Hili ni jicho langu," alikuwa akisema huku akipapasa boneti.

Jicho! Mtu ana mawili mazima na hayamsaidii, anatafuta la tatu.

Balaa langu lilianzia kwenye tope. Njia ya kuingia shambani kwangu ililowa kwa manyunyu kidogo, na shemeji akakataa kulileta lori mpaka langoni. Ati magurudumu yatachafuka. Magurudumu, kitu kilichoumbwa kukanyaga chini! Basi sisi wanawake tukabeba mikungu kutoka mashambani hadi barabarani, kupanda kilima, mimi nikiwa na mtoto mgongoni na mkungu kichwani, na yeye amesimama pale juu na tai yake akituhesabu kama ng'ombe wanaotoka kuogeshwa. Nilipofika nikautua mkungu miguuni pake, nikapumua, nikamwambia mbele ya watu:

"Shemeji, siku lori hili litakapokukataa, ndiyo siku utakayojua mkungu una uzito gani."

Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga kigelegele. Shemeji hakucheka. Alinitazama, akalitazama lori, akalipapasa. Nami nikarudi kuchukua mkungu wa pili, sikuyakumbuka tena maneno yale. Ukiwa na mikungu kumi na miwili ya kubeba huna nafasi ya kukumbuka maneno.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi lori lilikuwa limejaa ndizi mpaka juu, wanawake sita tumekaa juu ya mikungu na vikapu vyetu, tunangoja kwenda. Shemeji akapanda, akafungua swichi. Kimya. Akashuka, akatoa hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele, akautia mahali pake, akazungusha. Lori likasema khu, likanyamaza. Akavua koti. Akazungusha tena. Khu. Akailegeza tai. Hapo tukajua mambo ni makubwa.

"Hebu washa taa tuone," mtu akasema.

Taa zikawaka nyekundu, hafifu, kama macho ya mlevi anayeamshwa. Walipojaribu tena saa sita mchana, hata wekundu ule haukuwako. Honi nayo haikulia. Lori lilikuwa limekufa kuanzia kichwani mpaka mkiani.

Basi wanaume wakakusanyika. Mwanamume akisikia lori la mwenzake limekufa hutoka hata msibani aje kutoa maoni. Mmoja alisema ni petroli. Mmoja alisema ni baridi. Mmoja aliyewahi kuosha magari Kisii mjini alisema ni "kompresa", tukamwuliza kompresa ni nini, akasema ni kitu cha ndani. Mwishowe wakakubaliana kwamba lisukumwe kuteremka, lipate mbio, liwake lenyewe.

Na nani alisukuma? Sisi. Wanaume walishika pembeni kwa kidole kimoja kimoja, wakapiga kelele "Harambee!" Neno lilikuwa jipya wakati ule na walilipenda sana, hasa likiwaita watu wengine. Tukalisukuma lori na ndizi zetu likateremka, likapita nyumba ya mama mkwe, likapita mti mkubwa wa kivuli, likaenda kimya kama maiti kwenye machela, likasimama bondeni karibu na kijito. Sasa tulikuwa na lori bovu chini ya kilima badala ya lori bovu juu ya kilima. Hiyo ndiyo kazi ya akili ya wanaume kumi na wanne.

Kesho yake, Jumatano, akaja fundi kutoka Kisii. Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima cha Nyanchwa, penye shule ya misheni, na alitaka kila mtu ajue hivyo, kana kwamba kukaa karibu na shule ni sawa na kuingia ndani. Alikuja na sanduku la spana na kofia ya jeshi, akasema alitengeneza malori ya vita huko Burma. Nilimtazama. Wakati wa vita vile huyu alikuwa anachunga mbuzi wa baba yake.

Akaanza kufungua. Alitoa plagi, akazipuliza, akazirudisha. Alitoa kabureta, akainyonya kwa mdomo, akatema petroli, akairudisha. Akalaumu betri. Wakaenda kuazima betri ya basi pale sokoni Magwagwa, wanaume wanne wakaibeba kama jeneza la mtoto, wakaifunga. Kimya vilevile. Ndipo fundi akafanya jambo lililonileta mimi katika habari hii. Alichukua spana ndefu akaigusisha vichwa viwili vya betri, mara moja. Cheche zikaruka pwaa! Watu wakarudi nyuma.

"Mnaona?" akasema. "Moto upo. Umejaa. Lakini hautoki ndani ya sanduku."

"Kwa nini hautoki?" shemeji akauliza.

Fundi akavua kofia, akajikuna. Mtu mwenye akili angesema sijui. Lakini fundi aliyelishwa kuku wa watu hawezi kusema sijui.

"Umefungwa," akasema. "Na mimi sifungui kilichofungwa na mtu. Spana yangu haifiki huko."

Kijito kilisikika. Kisha shemeji akageuka taratibu, akanyoosha kidole, na kidole kikaja kunikuta mimi juu ya kikapu changu.

"Wewe wa Sironga," akasema. Hakuniita shemeji. Sironga ndiko nilikozaliwa, na ukiwaona watu wa boma la mumeo wameanza kukuita kwa ulikotoka, ujue tayari wamekufungashia mizigo. "Wewe wa Sironga, Jumatatu ulisema nini mbele ya gari yangu?"

"Nilisema mkungu ni mzito."

"Ulisema siku litakapokataa. Na likakataa! Kesho yake tu!"

"Shemeji, nimekuwa nikisema mvua inyeshe tangu mwezi wa tatu. Imenyesha?"

Watu wawili watatu walicheka, lakini chini chini, na walipoacha kucheka nikaona nyuso zao. Hazikuwa nyuso za jana. Ndizi zilikuwa zinaiva juu ya lori. Kila mwanamke pale alikuwa na watoto wanaolilia kitu kingine mbali na ule ugali wa njano, na ndizi zikiiva kabla ya Kisumu ni za kuwalisha nguruwe, nasi hatufugi nguruwe. Mtu mwenye hasara anataka mkosaji. Hata rafiki yangu aliyepiga kigelegele Jumatatu aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Shemeji akasema neno. Akasema atamwita omoragori, mpiga ramli wa kule juu, aje kesho saa sita, na mimi nitoe mbuzi jike mweusi, achinjwe pale mbele ya lori, lisafishwe, yaishe. Mzee wa kanisa huyo! Alilisema huku akikaza tai.

"Ni mbuzi mmoja tu," mama mkwe akaniambia kando, akinishika mkono. "Toa, mokamwana, mke wa mwanangu. Mbuzi wanazaa."

Mama mkwe hakuwa mjinga na alijua kama ninavyojua. Kwetu mbuzi wa namna ile si nyama. Ukimtoa, umekubali. Leo watakula watashiba, watakupiga pambaja, na kesho mtoto wa jirani akiumwa na tumbo watakumbuka mbuzi yule. Jina la omorogi, mchawi, likishamkamata mwanamke halimwachi. Binti zake hawaposwi. Wanawe wanapishwa njiani. Na siku ikifika, watu wanakuja kwenye nyumba yake na nyasi kavu na kiberiti mkononi. Nilimwona mmoja namna hiyo nilipokuwa msichana, akitoka Sironga na godoro la majani kichwani, watoto wanamfuata nyuma, hakuna aliyemuaga. Nilikuwa na binti watatu.

Alhamisi asubuhi nilishuka bondeni peke yangu, mtoto mgongoni, na kisu changu cha kumenyea, ili nizichague ndizi zilizoanza kuiva nizitenge na mbichi. Nilikaa chini kwenye kivuli cha lori nikimenya moja nimpe mtoto. Na pale chini nikawaona nzi.

Sasa, nzi na ndizi mbivu ni mtu na shemeji yake, hilo sikulishangaa. Nilichoshangaa ni kwamba nzi hawa walizipita ndizi. Juu yao mikungu inanuka utamu, nao wanaingia chini, uvunguni, nyuma ya gurudumu la mbele, wanatoka, wanaingia tena. Nzi haachi sukari afuate chuma. Nikainamisha kichwa. Nikasikia harufu, harufu ya zizi mlimokufa kitu.

Nikamkalisha mtoto kivulini, nikatandika jani la mgomba nikalala chali, nikajivuta. Kule chini kulikuwa na matope makavu na mafuta. Nikaona waya mnene unatoka pale betri ilipokaa. Nyaya zilikuwa mbili. Mmoja ulikwenda mbele kwenye injini, huo fundi aliushika mara kumi. Wa pili ulishuka chini na kushikwa na bolti kwenye mwili wenyewe wa lori, kwenye ule mfupa mrefu wa chuma uliobeba kila kitu. Na mahali uliposhikwa, kichwa cha waya kilikuwa kimevishwa kitu. Kimevishwa vizuri, kimezungushwa, kimeshonwa, kama mtoto anavyovishwa soksi ya baridi, kisha bolti ikakazwa juu yake. Nzi wamekijaa. Nikakigusa kwa ncha ya kisu. Ngozi. Ngozi ya kondoo, imekauka nje, ndani bado ina mafuta, na manyoya yake ni ya kahawia yenye doa jeupe.

Nililala pale nikacheka mpaka mtoto kule kivulini akaanza kucheka pia.

Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini tochi nilikuwa nayo. Mume wangu aliniletea kutoka Kericho, na siku moja ilikataa kuwaka na betri zake mpya. Nikaifungua, nikakuta mwanangu ametia kipande cha karatasi kule chini kwenye ile springi. Nikaitoa karatasi, ikawaka. Betri hazikuwa na kosa, njia ya kurudia ndiyo iliyozibwa. Moto wa betri ni kama mgeni. Unamfungulia mlango wa kuingia, na kama hakuna wa kutokea hatembei, anakaa tu. Jumanne ngozi ilikuwa mbichi, majimaji yake yakapitisha kidogo, ndiyo sababu zile taa zikawaka nyekundu. Ilipokauka, basi.

Na kondoo nilimjua. Boma zima lilimjua. Kulikuwa na kondoo dume mmoja tu wa madoa, naye alikuwa wa shemeji, na wiki iliyopita shemeji alitangaza kwamba ameliwa na fisi. Fisi wa mwisho wa Magwagwa alikufa kabla sijaolewa.

Mkono ulitaka kuikata ngozi ile hapo hapo. Nikauzuia. Ningeitoa mimi, wangesema niliiweka mimi. Nikairudishia tope kidogo, nikajivuta nje, nikajifuta, nikaketi nikamenya ndizi.

Saa sita walikuja wote. Shemeji mbele, fundi na kofia yake, mama mkwe, wanawake, wanaume wale kumi na wanne wa maoni, na mpiga ramli na kibuyu chake. Mzee yule alikuwa mkavu, mfupi, ana jicho moja bovu, na kusema kweli ndiye pekee katika kundi lile aliyekuwa na heshima. Alinisalimu kabla ya kuketi.

"Mbuzi yuko wapi?" shemeji akaniuliza.

"Yupo zizini, anakula. Kwanza fundi alale chini."

"Mama, huko chini ni chuma tupu," fundi akasema.

"Burma mlitengeneza mkiwa mmesimama?"

Wakamcheka. Akaingia chini akinung'unika, na kofia. Nikamwambia, fuata waya wa pili, usiguse, tazama tu, useme unachokiona. Kisha sauti yake ikatoka uvunguni, nyembamba.

"Kuna ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya kondoo. Ina manyoya. Iko katikati ya waya na chuma." Akakohoa. "Ndiyo maana." Kisha kama mtu aliyekumbuka kwamba yeye ni fundi: "Nilikuwa nafikia huko."

Shemeji akapiga kelele, "Mnaona! Mnaona uchawi wake!" Mpiga ramli akainua mkono. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya lori, akatazama kwa jicho lake zima. Alikaa huko muda mrefu kwa mtu wa umri wake. Alipotoka hakunitazama mimi. Alimtazama shemeji kama baba anavyomtazama mtoto aliyekojoa kanisani.

"Hii ni ngozi yangu ya kinga," akasema. "Niliikata mimi wiki iliyopita, ulipoleta kondoo. Ulisema watu wanalionea gari lako wivu. Nikakuambia uivae wapi?"

Shemeji akaanza kupapasa boneti.

"Nauliza. Nilikuambia uivae wapi?"

"Mkononi," shemeji akasema.

"Mkononi! Kama baba yako alivyovaa, kama babu yako alivyovaa. Nani alikuambia ulivalishe gari? Gari lina mkono?"

Na shemeji, mzee wa kanisa, akaitazama tai yake. "Sabato ingefika," akasema polepole. "Watu wangeiona. Basi Jumatatu usiku nikalivalisha gari."

Hapo kicheko kilichotoka bondeni pale sijakisikia tena. Wanawake walishikana. Kwa hiyo aliogopa wachawi mchana na aliwaogopa waumini Jumamosi, akatafuta mahali ambapo wote wawili hawataona, akajifunga lori lake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanyoosha kidole kwangu. Nimeishi na wajinga wengi. Wengine walizaliwa hivyo, hawana kosa. Huyu aliutengeneza ujinga wake kwa bidii, akaushona, akaukaza kwa spana.

Nikampa fundi kisu changu. Akaikata ngozi, akakwangua chuma mpaka kikang'aa, akakaza bolti. "Washa taa," nikasema. Zikawaka nyeupe, mchana ule. Shemeji mwenyewe akazungusha hendeli, hakuna aliyemsaidia, na mzunguko wa pili lori likanguruma likatema moshi mweusi kwenye suruali yake. Tukapanda. Theluthi ya ndizi ilikuwa imeiva, tukaiuza Kisumu kwa kuwabembeleza watu. Nyingine zilifika salama.

Ungedhani yameisha. Mimi pia nilidhani. Jumapili alasiri nikawaona wanakuja kwangu watatu: shemeji, mama mkwe, na baba mdogo wa mume wangu, mzee mpole ambaye huletwa mahali penye uchafu ili aupake asali. Nikawapa viti, nikawapa uji wa yale mahindi ya njano. Wakaunywa. Walistahili.

Baba mdogo akazunguka sana kabla ya kufika. Alisifu migomba yangu. Alisifu watoto. Kisha ikatoka: jana kanisani wazee wenzake shemeji walimuuliza habari za ngozi, kwa sababu maneno yana mbio kuliko lori, naye akawajibu kwamba iliwekwa na adui. Na mpiga ramli hawezi kuitwa kanisani kutoa ushahidi. Na wanawake waliosikia bondeni ni wanawake tu, na wanaume hawatasema kinyume cha mwenye lori. Sasa wazee wanangoja kusikia adui ni nani.

"Kwa hiyo tulikuwa tunaonelea," baba mdogo akasema, "kwa ajili ya amani ya boma, mwanangu, umtoe yule mbuzi. Si kwa kosa. Kwa amani. Tutakula hapa hapa, wenyewe kwa wenyewe. Shemeji yako atawaambia wazee kwamba mambo yamesafishwa, na jina lako halitatajwa."

"Halitatajwa," nikasema, "lakini mbuzi atakuwa wa nani?"

Akatazama ndani ya kikombe.

Shemeji akadakia, na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayeuza. "Lori litakuja mpaka langoni kwako. Kila soko. Mvua, tope, litakuja. Hutabeba tena hata mkungu mmoja. Na utakaa mbele, kwenye kiti, karibu nami."

Kwenye kiti kile kilichotoa utumbo! Binti zangu watatu walikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, nawasikia wanavyozuia pumzi. Mkubwa alikuwa wa miaka tisa. Nikasimama, nikavichukua vikombe mikononi mwao kimoja kimoja, hata cha shemeji ambacho hakijaisha.

"Mbuzi sitoi," nikasema. "Lori lenu sikulifunga, na nyama ya uongo wenu sitaila."

Baba mdogo akainuka, akaketi tena. Shemeji akasema ataandika barua Kericho, mume wangu aje anirudishe Sironga, nikamwambia barua aiandike yeye mwenyewe asimtume mtu, ili mume wangu ayaone makosa yake ya kuandika. Akatoka, tai imempinda mpaka begani. Mama mkwe ndiye aliyebaki. Alinishika mkono kama alivyonishika kule bondeni, na macho yake yalikuwa na maji, na huyo nilimpenda, sifichi.

"Mokamwana," akasema, "huyu ni mwanangu wa kwanza. Watamvua uzee mbele ya watu wote. Wewe una nguvu, yeye hana. Mbuzi nitakulipa mimi, kutoka kwangu, hata wawili. Nakuomba mimi, siyo yeye."

Nikamshika mabega, nikamtazama, nikamwambia polepole ili asikie kila neno.

"Mbuzi sitoi. Lori lenu sikulifunga, na nyama ya uongo wenu sitaila."